Maridhiano ya Zanzibar Hukwama Pale Pale



Tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe nchini mwetu mwaka 1992, neno "muafaka" limetamkwa mara nyingi mno hata limepoteza uzito wake masikioni mwa watu. Kila baada ya uchaguzi mkuu wa Zanzibar tumeshuhudia mambo yale yale kwa mpangilio ule ule: matokeo yanakataliwa, watu wanasusiana, wengine wanaumizwa au kuuawa, wakubwa wanaitana mezani, saini zinatiwa, picha za kushikana mikono zinapigwa, kisha kimya kinatawala mpaka uchaguzi mwingine ufike. Na hapo mazungumzo yanaanza upya kana kwamba hayakuwahi kufanyika.

Je, ni laana? Je, ni kweli, kama wengi wanavyosema vijiweni na hata nje ya makanisa yetu baada ya Misa, kwamba Waunguja na Wapemba wana chuki isiyo na dawa? Tunakataa. Katika waraka huu tunataka kuonyesha kwamba mazungumzo ya Zanzibar hayakwami kwa sababu ya tabia za watu wa Visiwani. Hukwama kila yanapofika kwenye swali moja tu: nani anahesabu kura, na nani amemteua? Vyama vimekuwa tayari kujadili karibu kila jambo isipokuwa hilo, na pale vilipolijadili vililiacha nusu. Gharama ya woga huo wamelipa wananchi ambao hawakuwamo chumbani.

1. Saini nyingi, matunda machache

Tuanze na tarakimu, kwa maana kumbukumbu fupi ni rafiki wa wanaovunja ahadi. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa Chama Cha Mapinduzi alitangazwa mshindi dhidi ya Maalim Seif Sharif Hamad wa Chama cha Wananchi, CUF, kwa tofauti ya kura 1,565 tu. Tofauti ndogo kiasi hicho ilihitaji mwamuzi ambaye pande zote mbili zinamwamini, na mwamuzi huyo hakuwapo. CUF walisusia Baraza la Wawakilishi. Wanachama wake 18 walishitakiwa kwa uhaini, wakakaa mahabusu takriban miaka mitatu, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoamua kwamba shitaka lenyewe halikuwa na msingi wa kisheria.

Jumuiya ya Madola ikasuluhisha, na Juni 1999 Muafaka wa kwanza ukatiwa saini. Ulikusudia kurekebisha Tume ya Uchaguzi kabla ya mwaka 2000. Mwaka 2000 ukafika na marekebisho hayakuwapo. Uchaguzi ukavurugika kiasi cha kurudiwa katika majimbo 16, na CUF wakaukataa.

Tarehe 26 na 27 Januari 2001 zikafuata. Polisi walifyatua risasi dhidi ya waandamanaji, hasa Pemba. Tume iliyoundwa na Serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu watu 31 waliokufa. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu walau 35. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa mashua kwenda Shimoni, nchini Kenya. Nchi yetu, iliyosifika duniani kote kwa kupokea wakimbizi, sasa ilikuwa inawatoa.

Maiti hao ndio waliowarudisha wakubwa mezani. Tarehe 10 Oktoba 2001 makatibu wakuu wa vyama viwili, Philip Mangula wa CCM na Maalim Seif wa CUF, walitia saini Muafaka wa pili. Huu ulikuwa na nyama zaidi: wajumbe wa upinzani ndani ya Tume ya Uchaguzi, daftari la kudumu la wapigakura, haki sawa katika vyombo vya habari vya umma. Hatuudharau. Lakini tazameni jinsi Tume ilivyobaki baada ya marekebisho yale. Wajumbe ni saba. Wawili hupendekezwa na upande wa Serikali katika Baraza, wawili na upinzani, mmoja hutoka miongoni mwa majaji, na wawili waliobaki, mmoja wao akiwa ndiye Mwenyekiti, Rais huwachagua kwa hiari yake. Na wote saba huteuliwa na Rais, ambaye mara nyingi ni mgombea yeye mwenyewe, na asipokuwa mgombea basi chama chake kina mgombea. Wahenga walikwisha tuonya juu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere.

2. Butiama: wananchi walipotumiwa kama kisingizio

Uchaguzi wa 2005 ulipokwisha na malalamiko yale yale, Rais Jakaya Kikwete alikiri mbele ya Bunge kwamba Zanzibar kuna mpasuko na kwamba unamnyima raha. Januari 2007 mazungumzo yakaanza tena. Yaliendelea zaidi ya mwaka mmoja, na wananchi wakaambiwa kwamba yamekaribia kukamilika, na kwamba Serikali ya pamoja iko njiani.

Mwishoni mwa Machi 2008, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Butiama, kijijini alikozaliwa Mwalimu Nyerere. Wengi walidhani kijiji hicho kimechaguliwa ili baraka za Mwalimu ziangukie hati ya amani. Kikao kikatoka na sharti jipya: jambo hili ni zito, wananchi wa Zanzibar waulizwe kwanza kwa kura ya maoni. CUF wakasema sharti hilo halikuwamo katika mazungumzo, wakalikataa. Mazungumzo yakafa.

Tusemeje juu ya hili? Kuwauliza wananchi ni jambo jema. Sisi tungependa waulizwe mara nyingi zaidi. Lakini mtu anayewakumbuka wananchi siku ya kutia saini tu, baada ya kukaa mwaka mzima bila kuwataja, hajawakumbuka kwa ajili yao. Anawahitaji wawe ukuta wa kujificha. Na upande wa pili nao ujiulize: chama kinachojiita cha wananchi kilipata wapi ujasiri wa kuiogopa kura ya wananchi?

Ukweli ulidhihirika miaka miwili baadaye. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, Wazanzibari wawili peke yao, bila msuluhishi kutoka nje. Tarehe 31 Julai 2010 kura ya maoni ikapigwa. Asilimia 66.4 walisema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Swali ambalo wakubwa walilizungusha kwa miaka, watu wa kawaida walilijibu kwa siku moja, bila risasi hata moja. Tangu siku ile hakuna mwenye haki ya kusema kwamba Wazanzibari hawataki kupatana.

3. Vyeo viligawanywa, mwamuzi akaachwa

Hapa ndipo kiini cha hoja yetu. Wananchi waliulizwa kama wanataka Serikali ya pamoja. Hawakuulizwa juu ya Tume ya Uchaguzi. Katiba ikarekebishwa, akapatikana Makamu wa Kwanza wa Rais kutoka chama cha pili, na Makamu wa Pili kutoka chama cha Rais. Mawaziri wakagawanywa. Uchaguzi wa Oktoba 2010, ambao Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1, ulipita kwa utulivu. Tunalikubali hilo kwa moyo mweupe. Watu walizikana, wakaozana, wakanunua katika maduka ya wenzao. Miaka ile si ya kubezwa.

Lakini katika miaka mitano hiyo, vyama vyote viwili vikiwa ndani ya Baraza moja la Mapinduzi, namna ya kumpata mwamuzi iliachwa kama ilivyokuwa. Hata Mwenyekiti wa Tume aliyesimamia uchaguzi wa 2015 aliteuliwa mwaka 2013, Serikali ya Umoja ikiwa madarakani. Lawama hii haiwezi kubebwa na CCM peke yake. CUF waliokuwa wakipiga kelele juu ya Tume walipokuwa nje, walipoingia ndani sauti yao ilipungua. Kiti cha enzi kina tabia hiyo: humfanya aliyekikalia asahau ubao aliokuwa akiukalia jana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 28 Oktoba 2015, matokeo ya majimbo 31 kati ya 54 yakiwa yamekwisha kutangazwa, Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alijitokeza katika televisheni na kuufuta uchaguzi wote. Alitoa sababu zake, ikiwamo kwamba Maalim Seif alikuwa amekwisha kujitangazia ushindi siku mbili kabla, jambo ambalo kweli alilifanya na ambalo hatulitetei. Lakini wajumbe wa upande wa upinzani walisema hapakuwa na kikao chochote cha Tume kilichoamua hivyo. Na kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa Zanzibar siku ile ile na watu wale wale, zilikubaliwa zote. Iweje mtu yule yule akiinua mkono wa kulia kura yake iwe safi, akiinua wa kushoto iwe chafu?

Wakubwa wakaitana tena Ikulu ya Zanzibar: Dk. Shein, Maalim Seif, pamoja na marais wastaafu. Vikao vikafuatana, wananchi wakasubiri. Januari 2016 mazungumzo yakakwama, na tarehe ya uchaguzi wa marudio ikatangazwa. CUF wakasusia. Tarehe 20 Machi 2016 Dk. Shein alipata asilimia 91.4 ya kura. Umoja wa Kitaifa ulioidhinishwa na wananchi mwaka 2010 ukabaki bila Makamu wa Kwanza mpaka mwaka 2020.

Mwaka 2020 tukarudi pale pale. Upinzani, sasa chini ya ACT-Wazalendo, uliyakataa matokeo na kusema wanachama wake wameuawa. Kisha Desemba ukaingia Serikalini kwa jina la amani. Maalim Seif alifariki Februari 2021, na Othman Masoud Othman akashika nafasi yake. Miaka mitano mingine ikapita. Oktoba 2025 upinzani ukayakataa matokeo tena.

Nani bado anahitaji ushahidi zaidi? Kugawana vyeo kumetuliza maumivu lakini hakujaponya ugonjwa. Anayejua kwamba atapewa umakamu hata akishindwa anaweza kuvumilia mara moja, labda mara mbili. Mpigakura wake, ambaye hapewi umakamu wowote, haombwi kuvumilia, analazimishwa.

4. Majibu kwa wanaotutaka tunyamaze

Wako wanaosema: "Hayo ni mambo ya Zanzibar, tena ya Waislamu; Kanisa linatafuta nini?" Ni kweli kwamba Wakristo Visiwani ni wachache sana. Lakini waliokimbilia Shimoni hawakuulizwa dini yao na bahari. Aidha, Machi 2016 shirika la Marekani la Changamoto za Milenia lilisitisha msaada wa dola milioni 472 uliolenga hasa umeme, likitaja uchaguzi wa Zanzibar miongoni mwa sababu zake. Msaada ule ulikuwa wa Tanzania nzima. Kosa lililotendeka Unguja lilizima taa ambazo pengine zingewaka katika kijiji chako.

Na wewe wa Bara uliyedhani mpasuko ni wa ng'ambo, tazama ulivyovuka bahari. Mwaka 2022 CCM na Chadema walianza mazungumzo ya maridhiano. Januari 2023 zuio la mikutano ya hadhara likaondolewa, nasi tukashangilia. Lakini mazungumzo yalipofika kwenye sheria za uchaguzi na Tume yakapoteza pumzi, kama yale ya Zanzibar. Chadema hawakuwamo katika uchaguzi wa 2025, na tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata Watanzania waliuawa katika miji yetu. Tulikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kujifunza kutoka kwa ndugu zetu wa Visiwani. Hatukujifunza.

Wako wanaosema: "Tusifukue makaburi, amani kwanza." Sisi nasi tunaipenda amani. Lakini amani ya mtu aliyezibwa mdomo si amani; ni kimya, na kimya hakidumu. Baada ya 1995, na tena baada ya 2016, watu wa Pemba walisusiana mazishi, maduka na magari ya abiria. Hapakuwa na bunduki katika kususiana huko. Je, jirani anayekataa kubeba jeneza la jirani yake anaishi kwa amani?

Wako pia wanaosema, hasa ndani ya chama tawala, kwamba kuachia Tume huru ni kuyasaliti Mapinduzi ya 1964. Hao tungependa wasome historia ya chama chao wenyewe. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi Party, mzazi wa CCM Visiwani, kilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Waliopata kura chache wakaunda Serikali. Hakuna chama nchini kinachojua vizuri zaidi uchungu wa kuwa wengi katika masanduku na wachache katika Baraza. Wazee wa ASP walisema wamedhulumiwa na utaratibu, nao walikuwa na hoja. Leo wajukuu wao wakiambiwa maneno yale yale na wapinzani wao, wanawezaje kuwaita wachochezi?

5. Tunadai nini

Kwa hiyo tunasema kwa vyama vyote: msituletee tena picha za kushikana mikono. Mazungumzo yoyote yajayo, ya Zanzibar au ya Bara, yatapimwa kwa mambo matatu.

Kwanza, yaanze na mwamuzi kabla ya vyeo. Wajumbe wa Tume wapatikane kwa njia ambayo mgombea hana mkono ndani yake: waombe kazi hadharani, wachujwe na chombo ambacho pande zote zimekikubali, na wasiondolewe kwa matakwa ya mtu mmoja. Palipo na mwamuzi wa haki, aliyeshindwa kwa kura 1,565 anaweza kwenda nyumbani akalala.

Pili, yawe na tarehe na yawe wazi. Muafaka wa 1999 ulikufa kwa sababu hapakuwa na adhabu kwa aliyechelewa. Kila ahadi iandikwe siku yake ya kutekelezwa, na wananchi wapewe nakala. Hati inayofungiwa makabatini mwa vyama viwili ni mali ya vyama viwili, nayo hufa vyama vikitaka.

Tatu, waliofiwa watajwe. Katika meza zote hizi, mjane wa Januari 2001 hajawahi kupewa kiti. Maridhiano ya waliogombea ulaji peke yao ni mapatano ya biashara. Aliyepoteza mtu anayo haki ya kujua nani aliamuru, na kusikia mtu akisema: tulikosa.

Wapendwa, msidhani kwamba hayo yatashuka kutoka juu. Wakubwa huketi mezani pale tu wanapoona kwamba kukaa mbali kunawagharimu zaidi. Katiba yetu inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake, na kushiriki si kupiga kura tu halafu kurudi shambani. Ni kumwuliza mbunge, diwani na mwakilishi, kwa adabu lakini bila hofu, amefanya nini juu ya jambo hili. Ni kukataa kubeba ujumbe wa chuki wa chama chako mpaka kwenye Jumuiya. Ni kumzika jirani wa chama kingine, hata kama chama chako kimekunong'oneza usiende.

Kwa majadiliano katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika eneo letu kuna watu wanaosusiana kwa sababu ya vyama? Tumewahi kuwatembelea pamoja, au tumechagua upande?

2. Kama mzozo wa shamba kati ya ndugu wawili ungeamuliwa na mtu aliyeteuliwa na mmoja wao, tungesema nini? Kwa nini tunakubali hivyo katika uchaguzi?

3. Ni swali gani moja ambalo Jumuiya yetu itampelekea mbunge au diwani wetu mwezi huu, na nani atatumwa kulipeleka?

Majibu ya swali la tatu yaandikwe na kupelekwa katika Halmashauri ya Walei ya parokia, ili ijulikane nani aliulizwa, aliulizwa lini, na alijibu nini.